Maji Yamechoka

"Anti, mbona bwawa lina mlenda?"

Aliyeuliza ni mtoto wa mgeni wetu, msichana wa miaka sita hivi. Alikuwa amevaa maboya yake mikononi, amesimama ukingoni, hataki kuingia. Ilikuwa Jumamosi moja ya Februari, saa mbili asubuhi, jua la kaskazi limeshaanza kuunguza vigae. Nikainama kwenye kona ya kina kirefu, pale ambapo mkondo wa pampu haufiki vizuri. Ukuta ulikuwa umevaa utando wa kijani. Nikapitisha kidole, kikateleza.

Mlenda kweli.

Nikafanya ninachofanya kila asubuhi. Nikachota maji kwenye kichupa, nikatia kidonge cha kupimia, nikatikisa. Maji yakawa waridi, waridi safi kabisa ya kwenye chati, penye namba 3. Miligramu 3 za klorini kwa kila lita. Ndiyo namba niliyofundishwa kuitafuta, na ndiyo niliyokuwa naipata siku zote.

Klorini ipo. Mwani nao upo.

Nilimwambia yule mtoto tunasafisha, aje jioni. Jioni ile hakuogelea mtu, wala kesho yake. Na swali la vipi vitu viwili hivi vikae ndani ya maji mamoja lilinikaa kichwani wiki baada ya wiki, hadi nikawa nalala nalo.

## Maji si punda

Lazima nianze kwa kukiri kitu. Fundi wetu wa bwawa alishaniambia tangu Desemba.

Ni mtu mzima, mpole, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye hoteli kubwa kabla ya kuja kwetu Kigamboni kulea bwawa la nyumba ya wageni yenye vyumba sita. Asubuhi moja alikuwa anavuta majani ya mwarobaini kwa wavu, akaniambia bila kunitazama, "Dada, maji haya yamechoka."

Nikamuuliza yamechoka vipi. Akasema hajui kulieleza vizuri, ila kule alikokuwa, maji yakifika hapo walikuwa wanayapunguza na kuongeza mengine.

"Maji si punda, fundi," nikamjibu.

Akacheka kidogo, akaendelea na wavu wake. Mimi nikajiona nimesema jambo la maana.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nafikiria boza. Bwawa letu lina urefu wa mita 10 na upana wa mita 5, na kina chake kwa wastani ni mita 1.4. Hizo ni lita 70,000, yaani maboza saba ya lita 10,000. Boza moja linakula pesa ya mgeni mmoja kulala usiku mzima, na Februari yenyewe wageni walikuwa wa kuhesabika. Fundi akisema "tupunguze maji", mimi nasikia "toa pesa". Nikadhani pia, Mungu anisamehe, kwamba ni mbinu yake ya kukwepa kupiga brashi.

Nilikuwa na hoja nyingine niliyoiona nzito zaidi. Tunaongeza maji kila wiki. Jua la hapa hupunguza bwawa kila siku, ukikaa siku saba bila kuongeza unaona mstari kwenye vigae. Sasa maji yanachokaje ikiwa kila wiki yanapata mapya?

"Yanayopaa ni maji, dada," fundi akasema. "Dawa haipai."

Mtu aliyewahi kuona mashamba ya chumvi kule Bagamoyo hahitaji kuelezwa zaidi. Jua linachukua maji, chumvi inabaki. Mimi nimeyaona mashamba hayo tangu utotoni, na bado sikuunganisha.

## Mwavuli usioondoka

Kinachobaki kina jina. Wauza dawa wanakiita stabilaiza. Jina lake la maabara ni asidi ya sayanuriki.

Kazi yake ni nzuri, na hapo ndipo ulipo ugumu wa kuichukia. Klorini tupu hailiwezi jua. Mionzi ya urujuanimno huivunja haraka kiasi kwamba kwenye bwawa la wazi, mchana wa jua kali, nusu yake inaweza kuondoka ndani ya saa moja. Stabilaiza huishika klorini na kuikinga, kama mtu anayemfunika mwenzake mwavuli, kisha huiachia kidogo kidogo pale inapohitajika. Miligramu 30 hadi 50 kwa lita zinatosha. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mabwawa wa mwaka 2006, linasema isivuke 100.

Tatizo ni kwamba klorini inatumika na kwisha, mwavuli hauishi.

Sasa, dukani kuna klorini za aina mbili ambazo sisi wenye mabwawa madogo tunazijua kwa namba tu: ile ya 70 na ile ya 90. Ya 70 ni unga, ina chokaa chokaa. Ya 90 ni vidonge vikubwa vyeupe vinavyoyeyuka taratibu kwenye kikapu kinachoelea. Nilipoanza kusimamia bwawa nilimuuliza muuza dawa ipi bora. Akanitazama kama anayeulizwa kati ya 70 na 90 ipi kubwa. Nikachukua 90.

Hakuniambia kwamba ile ya 90 imejengwa juu ya asidi ya sayanuriki yenyewe. Kila kidonge kinapoyeyuka, zaidi ya nusu ya uzito wake wa mwanzo hubaki majini ikiwa stabilaiza. Nilikaa usiku mmoja na kikokotoo cha simu. Ndoo yangu moja ya kilo 25 huacha karibu kilo 14. Kwenye lita 70,000, hizo ni takriban miligramu 198 kwa lita. Ndoo moja! Na hudumu kwetu kama miezi mitano.

Haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo nilifundishwa kama sifa ya mtu mwenye subira. Sikuwahi kufikiria kwamba inaweza kuwa lalamiko.

## Nukta nyeusi

Kifaa changu cha kupimia kilikuwa na vichupa viwili tu: kimoja cha klorini, kingine cha kupima ukali wa maji. Cha stabilaiza hakikuwepo, na ukweli ni kwamba kwa mwaka mzima sikujua kama kinakosekana. Nikavuka kwa kivuko hadi mjini kukinunua.

Kinafanya kazi kwa namna ninayoipenda. Unachanganya maji ya bwawa na dawa yenye melamini. Melamini na asidi ya sayanuriki zikikutana hushikana na kuganda kuwa chembe nyeupe, maji yanakuwa kama tui jepesi. Kisha unayamimina polepole kwenye mrija wenye nukta nyeusi chini, huku unachungulia kutoka juu. Nukta ikipotea, unaacha kumimina na kusoma alama ya pembeni. Tui likiwa zito, nukta inapotea mapema.

Yangu ilipotea kabla sijafika alama ya 100. Mrija hauna namba zaidi ya hapo.

Nikachanganya sehemu moja ya maji ya bwawa na sehemu tatu za maji ya chupa, nikapima upya. 55. Zidisha kwa nne.

220.

Fundi alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakusema kitu. Angekuwa mtu mwingine angesema.

Hapo ndipo jibu la swali la yule mtoto lilipokuja. Kipimo cha waridi huhesabu klorini yote, iliyo huru na iliyojibanza chini ya mwavuli, bila kuzitenganisha. Lakini inayoua mwani na vijidudu kwa kasi ni ile iliyo huru. Kemia hii si ngeni. J. E. O'Brien na wenzake waliichapisha tangu 1974. Wanaolea mabwawa wana kanuni rahisi ya kuitumia: klorini iwe angalau asilimia 7.5 ya stabilaiza. Ukiwa na 40, klorini 3 inatosha kabisa. Ukiwa na 220, unahitaji 16 na nusu ili upate nguvu ile ile.

Mimi nilikuwa na 3, na kila asubuhi nikifurahia rangi.

Kilichonikosesha usingizi hakikuwa mwani. Mwani unauona, hata mtoto anauona. Nilifikiria vile visivyoonekana. Nilisoma kwamba taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, CDC, kwenye mwongozo wake wa mabwawa, inataka stabilaiza ishushwe hadi 15 kabla ya kutibu bwawa ambamo mtu ameharia, kwa sababu ikizidi, klorini inachelewa mno kuua kile kijidudu sugu cha kuharisha kinachoitwa kriptosporidio. Kumi na tano. Mimi nina 220, na watoto wa watu wanakunywa maji yale kila wanapocheka wakiwa wamezama hadi midomoni.

## Kwa nini sikutaka kulimwaga

Kila anayejua kitu kuhusu mabwawa atakuambia jibu ni moja: mwaga, jaza upya. Mimi nilikuwa na sababu tatu za kukataa, na nitazitaja kwa uzito wake halisi, si kwa mpangilio niliokuwa nauropoka kwa watu.

Ya pesa nimeshaisema.

Ya pili ni ardhi. Kwetu maji ya chini hayako mbali. Ukichimba shimo la taka mwezi wa Aprili unakuta unyevu kabla jasho halijakutoka. Kuna jirani aliyemwaga bwawa lote wakati wa masika ili lipakwe rangi. Bwawa tupu ni kama mtumbwi, maji ya ardhini yakipanda yanalisukuma juu. Yeye alibahatika kwamba halikung'oka lote. Sakafu ilivimba katikati kama andazi, ikapasuka.

Ya tatu sikuwa naisema kwa mtu. Geti letu linatazama bomba la mtaa. Siku maji yakitoka, foleni ya madumu huanza kabla ya alfajiri, na nyuma ya madumu wako kina mama ninaowasalimia kila siku. Kushusha stabilaiza kutoka 220 hadi 44 kwa mkupuo mmoja kunataka kumwaga asilimia 80 ya maji, lita 56,000. Nikayageuza kwa madumu ya lita 20: madumu 2,800, yapite mbele ya foleni ile yakielekea mtaroni.

Kwa hiyo nikaanza kutafuta dawa.

## Wiki za waganga

Nilianza na shabu, maana ipo kila nyumba ya pwani na nimekua nikiona bibi akisafishia maji ya kisima. Kuna watu wanaodai kwamba shabu, maji yakiwa baridi na yenye ukali kiasi, huizamisha stabilaiza pamoja na uchafu. Sikuthubutu kuitia bwawani. Nikajaribu kwenye dumu. Baada ya usiku mmoja maji yaling'aa hadi ukayaonea wivu, tope lote limelala chini. Nikapima. Nukta ikapotea pale pale. Labda kwenye nchi za baridi inafaa, maana maji yangu yalikuwa na joto la nyuzi 30. Kwangu iliondoa kila kitu isipokuwa nilichotaka kiondoke.

Kisha binamu yangu aliyeko Maskati akaleta chupa. Kule, maji ya kujaza bwawa yanatoka baharini kupitia kiwandani, kwa hiyo hakuna anayemwaga kirahisi. Ndani ya chupa kuna bakteria hai wenye kimeng'enya kinachokata pete ya asidi ya sayanuriki. Si uongo, bakteria hao wapo, na sayansi yao inajulikana. Kasoro ni kwamba bakteria ni bakteria, klorini inawaua. Ili wafanye kazi lazima klorini ishushwe karibu na sifuri, siku kadhaa, kwenye joto la Februari, Dar es Salaam.

Hebu fikiria. Bwawa lenye mwani, halafu unaliondolea hata kale ka-klorini kalikokuwapo.

Siku ya nne lilikuwa kisamvu. Siku ya kumi nilipima, nikapata 210, tofauti ambayo jicho langu kwenye ile nukta lingeweza kuizua lenyewe. Na hata bakteria wakifanikiwa, wanachoacha mwishoni ni amonia, ambayo nayo hula klorini kama moto wa mabua. Siwasemi vibaya walioitumia wakafaulu. Mimi nilipoteza siku kumi na heshima kwa fundi.

Wazo la tatu lilikuwa langu mwenyewe, na nililipenda mno. Kama melamini inaikamata stabilaiza ndani ya mrija, kwa nini isiikamate ndani ya bwawa? Nikapiga hesabu. Miligramu 220 mara lita 70,000 ni kilo 15.4. Nilikuwa na uzito wa mtoto wa miaka minne umeyeyuka mle ndani, hauonekani. Melamini nayo inahitajika karibu uzito ule ule. Ningepata bwawa la tui lenye kilo 30 za chembe nyeupe, na filta ya mchanga ikizibwa kila nusu saa. Kilichonizima kabisa ni kukumbuka habari za mwaka 2007 Marekani, mbwa na paka waliokufa figo baada ya kula chakula chenye melamini na asidi ya sayanuriki kwa pamoja. Ni mgando ule ule wa kwenye mrija, safari hii ndani ya figo. Sikutaka hata kuwa na gunia lake stoo.

Ipo njia moja ya kweli isiyomwaga maji mengi. Ni mashine inayosukuma maji kupitia utando mwembamba, kama zile za viwanda vya maji ya chupa. California na Arizona huja zimepakiwa kwenye trela, zinaegeshwa nje ya nyumba, zinanyonya bwawa na kulirudishia maji yakiwa safi, na yanayopotea ni sehemu ndogo. Nilitazama picha za trela hizo jinsi wengine wanavyotazama picha za magari.

Hapa hakuna trela.

## Nailoni

Hili nitalisema haraka maana linaniaibisha. Nilisoma kwamba unaweza kutandaza nailoni juu ya maji, ukamimina maji mapya juu yake huku unanyonya ya zamani kutoka chini. Bwawa halibaki tupu hata dakika moja, na mapya hayachanganyiki na ya zamani. Akili inakubali. Tukanunua nailoni nyeusi ya ujenzi, tukaiunga, tukashika pembe nne: mimi, fundi, mpishi na kijana wa boza. Upepo wa bahari ukaja. Nailoni ikasimama kama tanga la jahazi, ikamvuta mpishi majini na simu yake mfukoni.

Bado tunalipana.

## Bandu bandu

Jioni ile ya nailoni fundi alikaa kwenye kiti cha plastiki, ameloa, akaniuliza, "Dada, unataka nini hasa? Unataka yasimwagike, au unataka usione yakimwagika?"

Sikuwa na jibu. Lakini nilianza kuhesabu yale ambayo tayari yalikuwa yanamwagika. Kila wiki tunaosha filta kwa kurudisha maji nyuma, lita 1,000 na zaidi zinakwenda shimoni. Mwaka mzima hiyo inakaribia bwawa zima. Watoto wakiruka, maji yanatoka. Mvua kubwa ikinyesha, yanafurika. Nilikuwa namwaga maji miaka yote. Kiroho kilikuwa kinanidunda kwa yale ya mara moja tu.

Hesabu ya kupunguza kidogo kidogo haipendezi, na niseme wazi kwa anayefikiria kunifuata. Ukipunguza sentimita 20 kwenye bwawa letu unatoa lita 10,000, moja ya saba. Stabilaiza inashuka kutoka 220 hadi 189. Mara ya pili hupati tena punguzo la 31, kwa sababu sasa unamwaga maji ambayo sehemu yake ni yale mapya uliyoyanunua jana. Unapata 162. Kisha 139, kisha 119. Hadi ufike karibu na 47 unahitaji mara kumi, lita 100,000. Kumwaga kwa mkupuo kungetumia kama 55,000 kufika hapo. Bandu bandu huisha gogo, ndiyo, ila anayelipia shoka ni wewe.

Labda shoka liwe la bure.

Mvua ya milimita moja ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Hii nilijifunza shuleni, nikaifaulu, nikaisahau. Paa letu la bati lina mita za mraba 200 hivi, na bwawa lenyewe 50. Mvua moja ya milimita 40, ambayo kwa masika ya Dar si habari ya kumpigia mtu simu, inatuangushia lita 10,000 kwenye eneo hilo lote. Boza zima. Tunalitupa mtaroni kila mwaka.

Mpango ukawa hivi. Hatukuweza kusubiri masika bila kufanya kitu, kwa hiyo tulinunua maboza matatu, moja moja, tukionja kila moja kabla halijamiminwa, maana mengine yana chumvi ya kisima. Kila mara tulipunguza sentimita 20, tukajaza, tukaacha pampu ichanganye siku nzima. Nukta ikafika karibu na 140. Hapo nikaona naweza kupigana. Nikainua klorini hadi 20 kwa ile ya 70, fundi akapiga brashi asubuhi na jioni, na baada ya siku sita sakafu ikaonekana.

Kisha tukatundika gata mpya upande wa nyuma na bomba la kuleta maji bwawani, lenye kipande cha kuzungusha ili dakika kumi za mwanzo ziende nje. Vumbi la miezi mitatu na kinyesi cha kunguru wa Dar si vitu vya kumkaribishia mgeni. Nikawa mtu wa kufuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa kuliko za mpira. Ikitabiriwa mvua kubwa, jioni tunapunguza sentimita 20. Usiku tunalala tukisikiliza bati.

Mara mbili mvua haikuja, bwawa likakaa na mstari wake wa aibu hadi wiki iliyofuata. Mara moja ilikuja yote kwa pamoja na maji yakaingia hadi baraza. Maji ya mvua ni mepesi, hayana madini, kwa hiyo ilibidi nitie bikaboneti ya soda kila baada ya mvua mbili ili maji yasianze kula chokaa ya vigae. Lakini namba zilishuka kama hesabu ilivyosema, zikichechemea: 120, 100 na kitu, 90, 75.

## Ndoo mbili

Mapema Machi, katikati ya haya yote, nilimkuta fundi stoo na kopo moja mkononi. Alikuwa ametoka kuweka vidonge vya 90 vilivyobaki sehemu, na sasa anataka kuchota unga wa 70 kwa kopo lile lile, lenye vumbi la vidonge chini.

Nilipiga kelele hadi mpishi akaja mbio.

Klorini hizo mbili hazipatani. Zikichanganyika, hasa pakiwa na unyevu kidogo, zinaweza kutoa gesi ya sumu, kushika moto, hata kulipuka. Nilikuwa nimelisoma usiku uliotangulia na sikumwambia. Siku hiyo nilimwomba radhi mara mbili, mara moja kwa kelele, mara moja kwa mambo ya punda. Ya punda alikuwa ameshaisahau, au alijifanya.

Sasa ndoo zinakaa vyumba tofauti, kila moja na kopo lake limefungwa kwa kamba. Dawa ya kila siku ni unga wa 70, na klorini ya maji, ile ndugu yake jiki, tunapoipata ikiwa mbichi. Ni kazi zaidi. Vidonge unaweka na kusahau wiki nzima, na nadhani hicho ndicho nilichokuwa nakinunua kwa kweli. Unga unakudai kila jioni jua likizama.

## Yanayokwenda

Kuhusu ile foleni ya madumu sijapata utulivu wowote.

Mara ya pili tulipopunguza, kabla ya masika, fundi alivuta mpira hadi kwenye michongoma ya nje, baada ya kuacha klorini ishuke siku tatu. Mama mmoja wa pale bombani alikuja na dumu lake tupu.

"Mwanangu, haya mnayamwaga?"

Nikamwambia yana dawa, hayanywewi, hayapikiwi, hata kuogea mtoto sishauri.

"Nani kasema nakunywa? Nasuuzia choo."

Akajaza. Akaita wenzake. Kwa nusu saa michongoma haikupata hata tone, na mimi nilisimama pale na hotuba yangu yote kuhusu asidi ya sayanuriki, sina wa kumpa. Tangu siku hiyo tukipunguza tunawaambia mapema, na nimebandika karatasi getini inayosema maji haya ni ya usafi tu. Sijui kama hilo linanitoa hatiani. Bado ni mimi mwenye lita 70,000 za kuchezea.

Nilipima jana. Nukta ilipotea kwenye 60 na kidogo, na klorini ilikuwa 5. Nilimwita fundi aje aangalie mwenyewe. Akachungulia kwenye mrija kwa muda mrefu kama anayetafuta sindano, akasema haya sasa ni maji.

Masika imekatika. Vuli haiji hadi Oktoba, na gata zimeshaanza kujaa majani ya mwarobaini. Fundi anasema atapanda kuyatoa Septemba. Nimemwambia Agosti.